Kwenda Kuutazama Mto Unapozaliwa: Matembezi ya Msitu wa Pugu

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya matembezi ya siku moja, ambayo kila mtu wa Dar es Salaam, wa Kibaha au wa Kisarawe aweza kuyafanya bila gharama kubwa. Nayo ni matembezi ya kwenda katika Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, katika vilima vinakoanzia Mto Msimbazi. Watu wengi huniuliza, "Kuna nini huko cha kutazama? Simba hakuna, tembo hakuna." Jawabu langu ni kwamba yupo mmoja huko astahiliye kutazamwa kuliko simba, maana simba haji mjini kwetu kubisha hodi usiku, naye huja. Huyo ni mto.

Sisi tukaao Kibaha na Kisarawe tunakaa kati ya mito miwili. Upande wa magharibi uko Ruvu, utokao katika milima ya Uluguru, ukapita Mlandizi katika nchi ya Kibaha, hata ukaingia baharini karibu na Bagamoyo. Huu ndio mto tuunywao. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini ukafuata katika miaka ya 1970, na hata leo sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Dar es Salaam hutoka humo. Upande wa mashariki uko Msimbazi, mto mfupi wa kilomita 35 hivi, ushukao kutoka vilima vya Pugu, ukapita Kinyerezi, Vingunguti na Jangwani, ukaingia baharini kwenye Daraja la Selander. Ruvu twaunywa, Msimbazi twautupia taka. Lakini mito yote miwili ina desturi moja: hututendea kule chini kama sisi tulivyoitendea kule juu.

Basi twende Pugu. Mtu atokaye mjini hushika barabara ya Nyerere, akaupita uwanja wa ndege, kisha Gongo la Mboto, na baada ya hapo njia huanza kupanda. Daladala za Kisarawe hupita njia hiyo hiyo, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme iendayo Morogoro na Dodoma ina stesheni yake Pugu. Mahali hapa si pageni katika habari za nchi yetu, kwa kuwa katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipofundisha hata alipoacha kazi mwaka 1955 ili ashughulike na siasa. Vilima vyenyewe havifikii urefu wa milima: sehemu zake za juu ni kama mita 300 tu juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, mtu atokaye katika joto la mjini huusikia upepo mwingine mara tu anapofika.

Msitu huu hutunzwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, nao umepewa daraja la Hifadhi ya Mazingira Asilia. Maana yake ni kwamba hairuhusiwi kukata mti, kuchoma mkaa, kuchunga wala kulima ndani yake. Ruhusa iliyopo ni ya kutembea, kutazama na kujifunza. Mgeni yampasa kwanza afike kwa wahifadhi, alipe ada ya kuingia, kisha aombe kiongozi wa kumwonyesha njia. Asiseme moyoni, "Msitu wenyewe ni mdogo, nitajiongoza." Njia za msituni hufanana, na mtu aliyezoea kuhesabu mitaa hajui kuhesabu miti.

Jambo la kwanza litakalomstaajabisha ni kwamba huu si msitu wa kupandwa. Ni kipande kilichosalia cha misitu ya kale ya pwani, ambayo imetapakaa vipande vipande tangu kusini ya Somalia, ikapita Kenya na Tanzania, mpaka Msumbiji. Kwa kuwa vipande hivi vimetengana tangu zamani sana, mimea na wanyama waliomo wengine hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wataalamu wa mimea wameutia msitu huu hata katika majina yao ya Kilatini: kuna mmea uitwao Baphia puguensis, na mwingine Millettia puguensis. Mzee wa Kizaramo aliyezaliwa mlimani hapo huenda hajapata kusikia majina hayo, lakini jina la kijiji chake linasomwa katika vitabu vya ulaya na Marekani.

Katika misitu ya pwani namna hii ndimo umeamo msandarusi, mti ambao utomvu wake ulikuwa mali kubwa katika karne ya 19. Watu wa Mrima waliuchimba ardhini, mahali miti ya kale ilipokuwa imesimama, wakauuza Unguja, nao ukasafirishwa mpaka Ulaya, Bara Hindi na Marekani kutengenezewa vanishi ya samani. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba faida ya msitu ni kuni tu. Babu zetu walijua kwamba hata mti uliokwisha kufa huweza kuwaachia mali wajukuu.

Miongoni mwa wanyama, wa kustaajabisha kuliko wote ni komba mdogo aitwaye komba wa Rondo. Sisi Waswahili tuna msemo wa kumfananisha mlevi na komba, lakini huyu ni komba wa namna yake. Uzito wake ni kama gramu 60, karibu sawa na yai la kuku, na mkia wake ni kama brashi ya kusafishia chupa. Hupatikana katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, na Pugu ni kimojawapo; basi ukiuharibu msitu huu, huna kwingine kwingi kwa kumtafuta. Kwa kuwa hutembea usiku, mgeni wa mchana hatamwona, lakini ni vema ajue kwamba analala juu ya kichwa chake. Mchana mgeni mwenye bahati aweza kumwona sange, mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo, akipekuapekua majani makavu. Na mpenda ndege asikilize kwa saburi, maana ndege wa msituni husikiwa mara kumi kabla ya kuonwa mara moja.

Tena yako mapango. Watu wamezungumza mengi juu ya mapango ya Pugu, lakini si kazi ya maji wala ya majini. Ni kazi ya sururu na majembe. Vilima hivi vina udongo mweupe sana, ufaao kwa kufanyizia vyombo vya kaure, nao ulichimbwa humo zamani hata yakabaki mashimo marefu kilimani. Popo wameyafanya kuwa nyumba yao, na jioni hutoka kwa wingi kama moshi. Mgeni asiingie bila kiongozi, wala asiwapigie kelele wala kuwarushia mawe. Popo, kwa kadiri ya kabila lake, hula wadudu watusumbuao au hueneza mbegu na chavua za miti. Hakuna kosa alilotukosea.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe nililolikusudia. Miaka kadhaa iliyopita niliwachukua wanafunzi wangu wa ualimu kwenda huko. Tulishuka katika korongo moja lenye kivuli, tukakuta kijito chembamba, maji yake maangavu, ambacho kiongozi alituambia kwamba huenda kuungana na Msimbazi. Mtu aliweza kukivuka bila kuvua viatu. Wanafunzi walinawa nyuso, wakacheka. Lakini binti mmoja alisimama kando, akakitazama kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, ni huyu? Ni huyu mdogo namna hii?"

Sikuielewa maana yake mpaka aliponieleza. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 alikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nyumba yao ilikuwa bondeni karibu na Jangwani. Mvua kubwa ilinyesha siku mfululizo, Msimbazi ukafurika, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha katika jiji. Baba yake aliwapandisha watoto juu ya paa la jirani, na kutoka hapo waliitazama nyumba yao ikijaa maji mpaka madirishani. Baadaye, kama watu wengine wengi wa bondeni, walihamishiwa Mabwepande. "Tangu siku ile," akasema, "nilidhani mto huu ni mkubwa tangu kuzaliwa kwake."

Wasikilizaji, swali la binti yule ni swali la kila mtu. Kijito kidogo namna hii hupataje nguvu ya kuchukua nyumba? Niliporudi darasani nilijaribu kulijibu kwa sinia mbili, nanyi mwaweza kufanya vivyo hivyo nyumbani. Tia udongo katika sinia zote mbili. Moja uiache udongo mtupu. Ya pili uipande majani na mizizi yake, na juu yake utandaze majani makavu. Kisha uziinamishe kidogo, uweke bakuli mbele ya kila moja, umwagie maji sawasawa kwa kopo lenye matundu. Katika sinia tupu maji hushuka mbio, nayo ni mekundu kwa udongo. Katika sinia yenye majani hushuka polepole, tena kidogo kidogo, nayo ni karibu meupe; na hata baada ya kuacha kumwagia, huendelea kudondoka.

Hivyo ndivyo ufanyavyo msitu. Tone la mvua kwanza huangukia majani ya juu, likapunguza nguvu zake. Kisha huangukia majani makavu na mboji iliyo chini, ambayo hunywa kama sifongo. Kisha mizizi iliyotoboa ardhi huyaonyesha maji njia ya kuingia ndani. Maji hayo hukaa ardhini, yakatoka polepole katika chemchemi, ndiyo maana kijito cha msituni huweza kuwa na maji hata wakati wa kiangazi. Lakini mlima ukiwa mtupu, mvua ya saa moja huteremka yote kwa saa moja, tena haishuki peke yake. Huchukua udongo na mchanga. Mchanga huo hutulia mahali mto unapokuwa mpana na wa polepole, nako ni huko Jangwani. Kila mwaka kina cha mto hupungua, na mvua ile ile ambayo zamani ilipita mtoni sasa hupita nyumbani.

Nisije nikawadanganya, ndugu zangu. Msitu wa Pugu peke yake hauwezi kuzuia mafuriko ya jiji zima. Mito mingine, kama Sinza na Ubungo, nayo huingia Msimbazi, nayo haitoki Pugu. Na mjini kwenyewe tumefunika ardhi kwa mabati, saruji na lami, tumejenga ndani ya bonde ambalo ni njia ya maji, na tumeziba mifereji kwa takataka. Mvua isiyopata mahali pa kuingia hutafuta mahali pa kupita. Lakini hata tukichimba mto na kujenga madaraja, kama mlima unaendelea kubaki mtupu, mchanga utashuka tena, na kazi itaanza upya.

Na mlima ulikuwa ukibaki mtupu kweli. Dar es Salaam ndiyo mlaji mkubwa kuliko yote wa mkaa katika nchi yetu, na msitu ulio karibu na mlaji ndio uliwao kwanza. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza uchunguzi wao juu ya misitu iliyouzunguka mji huu, wakaonyesha kwamba uharibifu hutoka mjini kama mawimbi. Wimbi la kwanza huchukua miti ya mbao za thamani. La pili huchukua mbao hafifu. La mwisho huchukua chochote kiwezacho kuwa mkaa. Mawimbi hayo yalipita Pugu na Kazimzumbwi, yakapita na Msitu wa Ruvu Kusini, ulioko kati ya nchi ya Kibaha na ya Kisarawe, yakazidi kwenda mbali. Mchoma mkaa simlaumu peke yake, kwa kuwa yeye hukata kwa sababu yuko anunuaye. Gunia lile lililosimama kando ya njia linamngoja mtu wa mjini, naye huenda ni mimi au wewe.

Hapo ndipo matembezi yanapoingia. Labda mtu atauliza, "Kutembea kwangu msituni kutazuia nini?" Nitamjibu kwa mfano wa jirani zetu. Katika jiji la Nairobi kuna msitu uitwao Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, nao vijito hupita ndani yake. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu wajenge majumba. Bibi Wangari Maathai na wenzake walikwenda huko kupanda miti, na mwezi wa Januari mwaka 1999 walipigwa hata damu ikamtoka kichwani. Msitu haukuuzwa wote. Na mwaka 2004 bibi huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini hata baada ya ushindi huo watu waliendelea kuuogopa Karura, kwa kuwa ulikuwa maficho ya wahalifu. Ulianza kuwa salama ulipozungushiwa ua, ukawekewa njia na walinzi, na watu wakaanza kwenda kutembea humo pamoja na watoto wao. Msitu usiotembelewa na watu wema hutembelewa na wezi. Mahali penye macho mengi shoka huona haya.

Kwa sababu hiyo nasema kwamba ada ndogo mtu aitoayo langoni Pugu si bei ya starehe tu. Humpa mhifadhi sababu ya kuulinda msitu, humpa kijana wa Kisarawe kazi ya kuongoza wageni badala ya kuchoma tanuri la mkaa, na humrudisha mtu wa mjini nyumbani akiwa ameuona mto wake ungali safi.

Basi mtu atakaye kwenda na azishike kanuni chache. Aende asubuhi na mapema, kabla ya jua kuwa kali. Achague majira: wakati wa masika, tangu Machi mpaka Mei, njia huteleza sana, baada ya Juni hutembeleka vizuri zaidi. Avae viatu vilivyofunika vidole na suruali au nguo ndefu, kwa ajili ya miiba na wadudu. Achukue maji ya kunywa na chakula kidogo, na arudi na kila kitu alichokwenda nacho. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni mwaka 2019, lakini chupa na karatasi za peremende bado zaweza kufanya safari ndefu: ukiitupa chupa katika kijito cha Pugu, maji yataichukua hata Jangwani kwenda kuziba mfereji wa mtu usiyemjua. Asiwashe moto. Asichume ua wala kuchonga jina lake katika gome la mti. Mti si kitabu cha wageni. Na azungumze kwa sauti ndogo, maana yeye ni mgeni, na wenyeji wengine, kama yule komba, wamelala.

Nawaomba hasa walimu wenzangu. Tumewafundisha watoto majina ya mito ya ng'ambo, nao huyakariri vizuri. Lakini mtoto wa Vingunguti hajui mto upitao nyuma ya shule yake unatoka wapi. Mchukueni akaone. Kisha siku nyingine mpelekeni kando ya maji yale yale kule chini, ambako yamekuwa meusi kwa maji machafu ya nyumba na ya viwanda, mwulizeni ni nani aliyeyabadili njiani. Hilo ni somo la jiografia, la sayansi na la adabu, yote kwa pamoja.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa Bonde la Msimbazi, na miongoni mwa makusudi yake ni kujenga daraja jipya la Jangwani, na kuifanya sehemu ya chini ya bonde kuwa bustani kubwa ya watu wa mji, mahali ambapo maji yataweza kutanda bila kumwua mtu. Ni jambo jema. Lakini bustani ile ya chini na msitu ule wa juu ni ncha mbili za kamba moja, na kamba haishikwi kwa ncha moja ikakazika. Maji yakimwagika hayazoleki, wasema wahenga; dawa ni kuyashika kabla hayajamwagika, na mshikaji wake ni mti.

Yule binti sasa ni mwalimu. Mwaka uliopita aliniletea habari kwamba amewapeleka wanafunzi wake Pugu, nao walipofika kwenye kijito mmoja wao alianza kukirukaruka akikicheka kwa udogo wake. Akamshika mkono, akamwambia, "Usimcheke. Huyu nilimjua alipokuwa mkubwa."